Sekunde Tisa

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri, Kibuye,
Lukoye ananivika mtambo kichwani
kama mtu anayemjaribisha mteja kofia
ambayo anajua haitanunuliwa.
Anakaza mkanda. Anauliza, "Inabana?"
Inabana. Nasema haibani.
Mia sita kwa saa si pesa ya kulalamikia.

Ndani ni giza, kisha si giza.
Vitaa sita vyekundu, hafifu kama makaa yaliyosahauliwa,
vimelizunguka kila jicho,
na kando yake kamera, ndogo kama punje ya wimbi,
inanitazama nikitazama.

Nyanya alizoea kusema macho hayana pazia.
Alikuwa akimtetea babu, ambaye shingo yake
iligeuka kila mwuza samaki alipopita.
Nyanya, pazia limepatikana.
Limetundikwa upande wa ndani,
na aliyejificha nyuma yake si mimi.

"Fuata nukta."
Nafuata nukta. Kushoto. Juu. Kona ya chini
ambako jicho halipendi kwenda.
Inaruka kama kiroboto, nami nyuma yake,
mwanamke mzima wa miaka thelathini na minne,
mama wa mapacha, mweka hazina wa chama,
nakimbizana na kitone cheupe.

Kisha picha. Baiskeli.
Mbwa wa watu wenye nyasi fupi.
Jiko lenye sufuria zisizojua masizi.
Mtambo unajua nilianzia wapi, nikarukia wapi,
mboni ilipanuka kiasi gani nilipoona mkate.
Sikuwa nimekula. Sasa kuna tarakimu inayolijua hilo.

Kisha ukumbi mrefu, na benchi la kijani.

Si benchi lile. Najua si lile.
Lile la Russia, hospitali yetu, lilikuwa na mguu uliofungwa waya,
na Aloo alikaa mwisho kabisa, juu ya mguu huo,
akisema yeye ni mwepesi, hautavunjika.
Machi. Saa nane za usiku. Soda ya machungwa aliyoinywa nusu.
Jicho lilifika pale likakaa.
Nililiambia liondoke. Nani aliwahi kuliamuru jicho?

"Mbona umeganda?"
Kwake, kwenye skrini, mimi ni miduara miwili myeusi
yenye chembe za nuru. Kila usiku huizungushia mstari
mboni za watu, mia tatu, mia nne,
hadi akifumba macho yake mwenyewe
anawaona wamejipanga, wanamsubiri.
"Napenda kijani," namjibu.

Ndipo maji yakapanda.
Hayakudondoka; yalijaa tu kwenye ukingo wa kope,
na vile vitaa sita vikawa kumi, vikawa ishirini,
vikayeyuka kama sukari kwenye chai.
Mtambo ukaitafuta mboni, ukaikosa.
"Umepotea," alisema Lukoye. "Ngoja. Umepotea kabisa."
Akagonga kibodi. Akagusa waya.
Akanivua, akapuliza lenzi, kana kwamba kosa ni la vumbi.

Nilikuwa humo humo.
Nilikuwa nimekaa na dada yangu.

Jioni simu ikatetemeka sokoni:
shilingi mia tano tisini na nane, na senti hamsini.
Chini yake, maelezo: sekunde tisa bila jicho.
Nilisoma mara mbili, katikati ya viatu vya mitumba,
mwuzaji akidhani napiga hesabu ya bei yake.

Shilingi moja na nusu.
Hizo tisa, basi, hawana.

Nikamwuliza kama ana raba za kijani,
namba sita.